Bi. Guruguru Ajibu: Mjusi Wangu Alalie Nini?

Barua za mwezi huu zimeangukia sakafuni, karibu zote. Nilifungua ya kwanza ikauliza mchanga, ya pili maranda, ya tatu udongo, nikaamua tuyamalize yote kwa mkupuo mmoja. Kwa msomaji mgeni: mimi si daktari. Nilikuwa msaidizi wa afya ya mifugo Kajiado kwa miaka kumi na tano, ng'ombe na mbuzi, mpaka magoti yakanikataza. Jina la Guruguru nilipewa na watoto wa ploti yetu hapa South B, walioniona kila Jumamosi asubuhi nikimtoa mjusi wangu Sultani barazani aote jua. Sultani si guruguru, ni mjusi ndevu, yule ambaye wataalamu humwita pogona. Lakini jina likishatoka kinywani mwa mtoto wa South B halirudi.

SWALI: *Shikamoo Bi. Guruguru. Mimi ni kijana wa Pipeline, ghorofa ya sita. Miezi miwili iliyopita nilinunua pogona mdogo, urefu wake ni kama kalamu mbili zikiunganishwa. Aliyeniuzia alinipa na mfuko wa mchanga mweupe, akasema ni wa kalsiamu, hata akiumeza hauna neno maana utamjenga mifupa. Sasa ni siku ya nne hajaenda haja, na jana nilimkuta akiulamba mchanga wenyewe kama mtoto aliyeona sukari. Dada yangu anasema niutoe. Rafiki yangu wa chuo anasema huko kwao Australia wanaishi mchangani. Nimfuate nani?*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mfuate dada yako, tena sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Mtoe mjusi umweke ndani ya beseni, mwaga mchanga wote, pangusa kioo, tandika magazeti. Nakungoja.

Haya. Huo mchanga mweupe ni kalsiamu kaboneti. Mimi ni mtoto wa Mombasa, naijua tangu ilipokuwa mawe ya matumbawe kwenye ukuta wa nyanya yangu. Ndiyo hiyohiyo inayotiwa kwenye vidonge vya kiungulia, kwa sababu inaua ukali wa asidi tumboni. Sasa fikiria mnyama mdogo anayehitaji asidi hiyo kusaga nyenje, na wewe umemlaza juu ya kidonge cha kiungulia cha kilo tano. Akiumeza kidogo, utapita. Akiumeza kila siku, unashikana na unyevu wa tumbo na kukaa kama simenti iliyosahauliwa kwenye karai. Kalsiamu lazima aipate, ndiyo, lakini aipate kama unga ulionyunyiziwa juu ya wadudu wake, kwa kipimo unachokijua wewe.

Huyo rafiki yako ameiona Australia kwenye picha ya mfuko. Pogona tunaowafuga asili yao ni bara ya ndani ya mashariki mwa Australia, kwenye ukame. Mchanga upo kwa mafungu, lakini sehemu kubwa ni udongo mwekundu uliokauka ukawa mgumu, vichaka, magogo. Mara nyingi utamkuta juu ya kigingi cha ua ama tawi, amejianika. Si mnyama wa kuzama kwenye vumbi jeupe. Na hakuna aliyetoka huko juzi: Australia hairuhusu mijusi wake kusafirishwa nje kwa biashara ya wanyama wa nyumbani, kwa hiyo hawa wetu wamezaliwa kwenye vizimba kwa vizazi vingi.

Lakini sitaki uondoke na chuki ya mchanga peke yake, maana mimi niliondoka nayo na ikanichelewesha. Miaka sita iliyopita nilimlaza Sultani juu ya mchanga wa mjengo, uliobaki jirani alipopiga plasta. Alikaa juu yake miezi mingi bila shida, nikajiona mjanja. Ukaja mwezi wa saba. Stima ikapotea siku mbili mfululizo, ikarudi, ikapotea tena. Nami nikaendelea kumlisha nyenje kama kawaida kwa kuwa alikuwa anafungua mdomo. Siku ya tano nikaona anaburuta miguu ya nyuma. Picha ya eksirei ilionyesha tumbo kama gunia: mchanga, na nyenje wazima ambao hawajasagwa.

Nikaanza kuulaani mchanga mbele ya daktari. Akanisikiliza, kisha akaniuliza, "Mama, pale anapoota joto kuna nyuzi ngapi?" Nikanyamaza. Nimewapima ng'ombe wa watu homa miaka kumi na tano, sikuwahi kupima jiwe la mjusi wangu. Nilipofika nyumbani na kupima, taa ikiwaka vizuri kabisa, ilikuwa 31.

Mjusi hana moto wa ndani kama mimi na wewe. Joto la kusagia chakula analiazima. Pogona anahitaji jiwe ama gogo la kuotea lenye nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi, na upande wa pili wa kizimba uwe 25 hadi 28 ili ajipoze akitaka. Usiku akishuka mpaka 18 haidhuru. Kwenye 31, tumbo linasinzia, na chochote kilichomo hakitembei: mchanga, ganda la mdudu, hata sukuma wiki. Ndiyo maana nawaambia watu kila siku: kabla hujauliza chini, uliza juu. Watu husema Afrika ni joto. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mwenye kusema hivyo aje alale Pipeline mwezi wa saba bila blanketi.

Wewe basi fanya hivi. Tafuta kile kipimajoto cha bastola tulichoelekezewa kwenye paji la uso mwaka 2020 kila mlango wa supamaketi. Vingi vimelala kwenye makabati ya ofisi. Kiweke kwenye hali ya kupima vitu, si ya kupima watu, ulenge jiwe lake. Ukipata chini ya 38, ishushe taa karibu kidogo ama badilisha balbu, lakini asiweze kuigusa. Muogeshe kwa maji vuguvugu yanayofika kwenye viwiko tu, dakika kumi na tano. Usimmiminie mafuta mdomoni hata ukishauriwa na nani. Yakiingia kwenye mapafu utakuwa na ugonjwa wa pili. Na kwa kuwa umemwona kwa macho yako akila mchanga na siku nne zimepita, mpeleke apigwe picha wiki hii, usingoje dalili. Ukiona tumbo limekuwa gumu, anajikamua bure, ama anaburuta miguu, usingoje hata kesho. Si kila daktari wa mifugo amezoea mijusi, kwa hiyo piga simu uulize kabla hujalipa nauli.

Tena kulamba mchanga huku ni kama mjamzito na udongo wa pemba: huenda mwili unatafuta kitu. Ana taa ya miale ya UVB, ile miale ya jua tusiyoiona kwa macho? Dirisha halihesabiki, kioo huizuia miale hiyo. Bila UVB kalsiamu haiingii mwilini hata umlishe gunia, mifupa inalainika, na utumbo nao unalegea. Ukipata jua la kweli nje, mtoe kwenye kitundu cha waya chenye kivuli upande mmoja. Usimtoe na tangi la kioo. Jua la Nairobi litampika humo kwa dakika chache.

Sakafu yake kwa sasa ni magazeti, na hapo nakutoa wasiwasi: ni bora kuliko vingi vinavyouzwa ghali. Pogona mdogo anakula mara kadhaa kwa siku, anarusha ulimi wenye kunata, na chochote kilicho chini ya nyenje kinakuja naye. Gazeti haliji naye. Unaona kinyesi mara moja, unahesabu siku, unakunja na kutupa. Taifa Leo la juzi linatosha. Usitumie jarida hili, karatasi yake inang'aa na haifyonzi kitu. Nimejaribu, mhariri anisamehe.

Akishapona na kufikisha miezi minane hivi, hamia kwenye vigae. Nenda hadiwea yoyote Industrial Area uombe vipande vilivyobaki, vile vya sakafu vyenye uso wa kukwaruza, si vya bafuni vinavyoteleza. Mimi nililipa bei ya kikombe cha chai. Kigae kinashika joto, kinamnyoa kucha akitembea, na kinapanguswa. Mwambie fundi avikate vibanane na kuta za tangi, la sivyo nyenje wataingia kwenye nyufa na kukuimbia usiku kucha, kisha watoke kumng'ata mjusi akilala. Viwe seti mbili: moja ndani, nyingine inaloweshwa kwenye maji yenye Jik kidogo, inasuuzwa mpaka harufu iishe, inaanikwa. Lakini usivioshee kwenye sinki ya vyombo. Mijusi hubeba salmonela bila wao kuugua, na mtoto mdogo akiipata si mchezo. Beseni lake liwe lake, na mikono sabuni.

Ukitaka kumpendezesha, mweke jiwe bapa la Mazeras chini ya taa, yale ya kupamba njia za bustani. Linapata joto na kulihifadhi hata taa ikizimika kwa muda. Na stima ikipotea kabisa: usimlishe. Ndilo kosa langu nakuachia. Funika tangi kwa blanketi ukiacha nafasi ya hewa, chupa ya maji moto uliyoizungushia taulo weka pembeni, chakula kingoje stima irudi.

Sultani? Alikwama siku tisa zaidi. Alitoa mzigo mchana wa Jumamosi nikiwa nimekwenda harusini Eastleigh, nikarudi nikakuta mambo. Wallahi nilipiga vigelegele kuliko nilivyompigia bibi harusi.

SWALI: *Bi. Guruguru, mume wangu amejaza kizimba cha pogona maranda ya mbao kutoka kwa mafundi wa hapa Kitengela. Anasema kama yanafaa kwa kuku wetu mia mbili yanafaa kwa mjusi mmoja. Mimi harufu tu inaniumiza kichwa. — Mama wa Kitengela*

JIBU: Kichwa chako kimejibu, mama. Maranda mengi ya hapa ni ya ule mti wa bei nafuu tunaouita saipresi, ama paini, na harufu hiyo nzuri ni mafuta yanayoruka hewani na kuwasha mapafu. Kuku wako wana banda lenye upepo. Mjusi amefungiwa ndani ya kioo na taa juu inayachemsha. Kisha baadhi ya mbao zimepigwa dawa ya mchwa, na fundi hakumbuki ipi. Pia maranda yakimezwa hayasagiki. Mrudishie kuku maranda yao, mwambie Baba fulani kwamba Bi. Guruguru anamsalimu.

SWALI: *Mimi ni mwalimu, naishi Kikuyu. Pogona wangu ana miaka mitatu, mzima, amekaa juu ya vigae tangu utotoni. Nimechoka kumwona akikwaruza kigae kama mtu anayetafuta funguo. Nina shamba la udongo mwekundu nje ya mlango. Je, ni dhambi kumpa udongo?*

JIBU: Mwalimu, barua yako niliisoma mara mbili kwa raha. Si dhambi. Wapo watakaokuambia udongo wowote ni kifo, na wapo watakaokuambia kigae ni jela. Mimi nasema mjusi mzima, mtu mzima, aliyepimwa minyoo, mwenye nyuzi 40 zilizopimwa kwa kifaa wala si kwa kiganja, anaweza kupewa udongo, na atakushukuru kwa kuuchimba. Akipungukiwa na moja kati ya hayo, rudi kwenye kigae.

Bahati yako ni huo wekundu. Udongo wa Kikuyu, Kabete na Limuru ukiloweshwa na kupigiliwa unakauka ukawa mgumu, unafanana kuliko chochote kingine hapa na ile ardhi ya kwao. Angekuwa jirani yako wa Embakasi ama Athi River ningemkataza. Ule udongo mweusi wao ukilowa unavimba na kunata kwenye vidole, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza kidole changu. Wajenzi wenyewe huuchimba na kuutupa kabla ya kuweka msingi.

Usichote juu shambani, hapo pana mbolea na dawa za wadudu. Chimba mpaka upite pale jembe linapofika, na uwe mbali na barabara. Chekecha kwa wavu wa fundi kuondoa mizizi na kokoto. Uanike juu ya bati siku mbili tatu za jua kali, ama uukaange kwenye karai kuukuu nje, ili wadudu na mayai yao wafe. Mke wako asikubali uukaange jikoni. Mimi nilifanya hivyo mara moja na chapati zangu zilinuka mvua wiki nzima.

Kisha mchanga. Uwe wa mto, ule unaoletwa na malori kutoka Machakos, na uuoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke meupe. Inachukua ndoo nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo subiri siku ya maji. Vumbi la kokoto la machimboni usiliguse hata kama ni bure: chembe zake zina makali na vumbi lake ni la kukohoa. Changanya madebe matatu ya udongo kwa mawili ya mchanga. Tia maji mpaka ukifinya konzi ishikane bila kuchuruzika.

Kabla hujamwaga, mawe na magogo mazito yakae kwanza kwenye sakafu ya tangi lenyewe, udongo uyazunguke. Ukiyaweka juu, ataichimbua misingi na jiwe litamlalia. Mimina kwa tabaka, pigilia kila tabaka kwa mchi kama sakafu ya nyumba ya udongo, mpaka upate sentimita kumi ama kumi na tano. Washa taa, acha mlango wazi, mjusi abaki kwingine. Wangu ulichukua siku tisa kukauka, mwezi wa pili. Msimu wa mvua usijaribu, utafuga kuvu. Nyufa zikitokea, lowesha na kuziba. Ukikwaruza kwa ukucha na ukapata vumbi jingi, hujapigilia vya kutosha.

Sasa hesabu, kwa kuwa wewe ni mwalimu. Tangi la mjusi mzima ni kama sentimita 120 kwa 60. Sentimita kumi za udongo humo ni lita 72, na hiyo ni zaidi ya kilo mia moja bila mawe. Umeiangalia meza yako? Mimi sikuiangalia. Meza ya televisheni ilipinda katikati kama ngamia aliyegeuzwa, ikabidi nimwite fundi wa kuchomelea anitengenezee fremu ya chuma.

Chakula kisigusane na udongo. Sukuma wiki, ambayo kwa bahati ni mboga nzuri sana kwake kwa ile kalsiamu yake, ikatwe na kuwekwa juu ya kigae kimoja bapa, si moja kwa moja chini, maana majani yaliyolowa huokota mchanga kama kidole kilichopakwa asali. Wadudu mpe kwa kibano ama kwenye bakuli lenye ukuta. Parachichi hapana, hata kama mti wako umejaa. Kinyesi kichote pamoja na udongo uliokizunguka. Akianza kuutafuna udongo kwa makusudi, hapo mchezo umekwisha: gazeti, na daktari.

SWALI: *Vipi lile zulia la nyasi za plastiki? Ni safi, la kijani, na watoto wamelipenda. — Baba wa wawili, Lang'ata*

JIBU: Limependwa na watoto, ndugu yangu, mjusi hajaulizwa. Kucha hunasa kwenye nyuzi, nimeona kidole kilichong'oka. Na mikojo inaingia chini usikoona. Kigae.

SWALI: *Mimi ni mwanafunzi. Pogona ni ghali. Nilimwona yule mjusi wa kichwa chekundu na mwili wa buluu kule Lukenya tulipokwenda kupanda mawe. Nikimkamata, atumie matandiko gani?*

JIBU: Atumie Lukenya. Yule na pogona ni wa ukoo mmoja, kwa hiyo macho yako hayakukosea, lakini sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumtoa mnyama porini na kumfuga bila kibali, na huyo wako atagonga kioo kwa pua mpaka apate kidonda. Hata mwenye pogona wa kununuliwa aulize karatasi zake kabla ya kutoa pesa. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ndio wa kuulizwa. Wewe nenda na darubini, kaa juu ya jiwe saa nne asubuhi, utamwona akipiga pushapu bure.

SWALI: *Bi. Guruguru, mimi ni bibi wa miaka sabini na miwili, Buruburu. Mjukuu wangu yuko bweni ameniachia mjusi wake. Ni jike. Wiki hii amekuwa kama mwendawazimu, anachimba vigae usiku na mchana, anakwaruza pembe za kioo mpaka silali. Chakula amekataa. Tumbo limejaa vinundu kama mfuko wa njugu. Hajawahi kuwa na dume. Je, amemeza mawe? Nimwambie mtoto ama nimwache afanye mtihani?*

JIBU: Shikamoo Nyanya. Mwache mtoto afanye mtihani. Hajameza mawe: ana mayai. Jike la pogona hutaga hata bila dume, kama kuku wako wa mayai, ila hayataanguliwa. Anachimba kwa sababu anatafuta mahali pa kuyafukia, na kila anapochimba anakutana na kigae. Hapo ndipo kigae changu ninachokisifu kila siku kinapogeuka adui, nakiri.

Una lile beseni kubwa la kuogeshea watoto? La plastiki, refu kwenda chini kama mkono wako kutoka kiwiko hadi kifundo. Lijaze udongo uliochanganywa na mchanga uliooshwa, ulowe kiasi cha kushikana. Usiupigilie kama nilivyomwambia Mwalimu. Chimba shimo la kuingia ngumi pembeni, ulielekeze chini kwa mshazari. Likisimama bila kubomoka, umepatia. Likibomoka, ongeza maji kidogo. Mweke humo mchana, mahali penye joto la kama nyuzi 27, kisha mfunikie kitambaa nusu ya beseni na uondoke. Ukimkodolea macho ataacha. Hata mimi ningeacha. Mpe saa kadhaa. Akitoka bila kutaga, mrudishe chini ya taa yake ajipashe joto, halafu jioni ama kesho umpeleke tena.

Akimaliza utamkuta amefukia na kupiga udongo kwa kichwa, na yeye mwenyewe amekonda kama mtu aliyetoka safari. Yanaweza kuwa kumi na tano, yanaweza kuwa ishirini na zaidi. Yatoe, yatupe. Muogeshe maji vuguvugu, mpe maji ya kunywa kwa matone kwenye ncha ya mdomo ayalambe, wadudu walionyunyiziwa kalsiamu, na mboga.

Lakini Nyanya, nisikilize hapa. Akichimba siku mbili tatu kwenye beseni zuri na hakuna yai, ama akaacha kuchimba akalala tu, amelegea, macho yamezama, hayo ni mayai yaliyokwama. Usingoje wikendi ipite. Kijana wa jirani akuitie teksi, na beba beseni la kumwekea, si mkoba. Na taulo lenye joto.

Beseni nalo usilirudishe bafuni baadaye. Liandike jina lake kwa rangi. Majike wengi hutaga tena baada ya wiki chache, na utalihitaji kabla mtoto hajafunga shule. Akishataga niandikie ni mangapi. Hapa ploti tumewekeana dau na watoto, na mimi nimesema kumi na tisa.